Mashine ya Mzee Presha na Mvinyo wa Kustaafu

Siku nilipomfahamu Mzee Presha nilikuwa nauza vitu nisivyovijua, na kwa mfanyabiashara hakuna aibu inayozidi hiyo. Nilikuwa nimenunua mnadani rundo la mizigo ambayo wenyewe hawakuja kuichukua: pasi, birika za umeme, mashine za kusagia juisi, na chini kabisa katoni moja ya vidude vya kung'aa ambavyo sikuwahi kuviona tangu nizaliwe. Kulikuwa na midomo ya plastiki yenye matundu ubavuni, fimbo za chuma zenye kizibo cha mpira, vipampu vya mkono vinavyoenea kiganjani, na bangili zenye namba za joto. Karatasi za maelezo ziliandikwa kwa lugha ambayo hata herufi zake zilinigeuzia mgongo.

Sasa mimi kitu kikishaingia dukani kwangu, lazima kitoke. Midomo ya plastiki niliwauzia wapishi, nikawaambia ni ya kumiminia mafuta bila kuchafua meza. Bangili za joto aliziona mfuga kuku, akachukua sita za kuangalizia vifaranga. Fimbo za chuma dada mmoja alizifanya vibanio vya nywele, na nasema kweli zilimpendeza. Vipampu ndivyo vilivyonishinda. Vilikaa kwenye meza ya mbele wiki mbili, kila mtu anaviminya, hakuna anayenunua.

Ndipo akaingia mwanamume mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, na kwenye mfuko wa kifuani, pale wengine wanapochomeka kalamu, amechomeka spana ndogo. Alikuwa anatafuta koki. Macho yake yakaanguka kwenye vipampu.

"Mama, hiki ni nini?"

"Hicho? Cha kutolea upepo kwenye makopo," nikasema bila kupepesa.

"Makopo gani?"

"Yoyote, mzee wangu. Wewe una makopo gani?"

Akakigeuza. Akaziba tundu kwa dole gumba, akavuta mpini, akasikiliza kama daktari. Kisha akaokota karatasi ya maelezo, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu.

"Mama, hapa pana picha ya zabibu."

"Naiona."

"Na chupa. Na glasi yenye shingo. Vidude hivi vyote ni vya mvinyo. Huu mdomo unaingiza hewa kwenye mvinyo ili uwe mtamu. Hiki kipampu kinatoa hewa kwenye chupa ili usiharibike. Mbona nimemwona jirani yangu wa kuku amezifunga bangili zake bandani?"

"Kuku wake wanaendeleaje?"

"Wazima."

"Basi hakuna aliyedhulumiwa."

Akacheka, na mimi mtu akishacheka dukani namhesabu ni wangu. Lakini hakutoa pochi. Alitaka kila aina moja, na alitaka kulipa kwa mikono. Nilikuwa na mashine tatu za juisi zilizokufa tangu mnadani, nikamwambia azifufue ndipo achukue anachotaka. Alikaa kwenye kindoo kilichogeuzwa, akatumia ile spana na ukucha wake wa kidole kidogo, na kabla chai yangu haijapoa zote tatu zilikuwa zinanguruma. Nikajua nimemlalia. Yeye naye alitoka na mfuko wake wa vidude akitabasamu kama mtu aliyenilalia mimi. Biashara nzuri huwa hivyo.

Tangu siku hiyo nikamwita kaka, naye akaniita tajiri, kila mmoja akimsifu mwenzake kwa asichonacho. Mimi si tajiri, na kaka zangu wa kweli hawajui hata taa inawashwaje.

Historia yake niliipata kidogo kidogo, kama mtu anayekinga maji ya mgao. Alifanya kazi kwenye mtambo wa maji wa mji miaka thelathini na moja. Alianza kwa kuchimba mitaro, akamaliza akiwa msimamizi wa pampu. Jina la Presha walimpa wenzake, kwa sababu ukimuuliza lolote, bomba, ndoa au timu kufungwa nyumbani, jibu lilikuwa moja: "Angalia presha kwanza." Siku ya kustaafu, wenzake wakachanga wakamnunulia kreti ya mvinyo mwekundu, chupa kumi na mbili. Yeye hakuwa mnywaji, mkewe hakuwa mnywaji. Aliyewashauri sijui ni nani. Nadhani waliuziwa na mtu wa aina yangu.

Mkewe, fundi wa nguo ambaye kwa sababu ya ule ukaka alinipokea kama wifi yake tangu siku ya kwanza, ndiye aliyenisimulia jioni walipofungua chupa ya kwanza.

"Tukakaa kwenye kochi, wifi, kama watu wa kwenye kalenda. Nikavaa hereni. Akamimina. Nikaonja. Nikamwambia, baba, hii wamekupa ya kuondolea kutu."

Na kweli. Niliionja baadaye. Ulikuwa mvinyo mkali wa kukunja uso, unaoshika meno na kukauka kooni kama umelamba unga wa chaki. Mtu mwingine angeigawa ile kreti, au angeipanga kabatini ikae inatazamwa. Mzee Presha hakuwa na moyo huo. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kuyarudisha maji yalikotoka kwa sababu yamekuja machafu. Maji yakija na tope, anayatibu. Yakija na harufu, anayatibu. Kwake mvinyo ule haukuwa mbaya, ulikuwa mgonjwa, na mgonjwa ameletwa kwa mganga wake.

Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja cha nyuma, ng'ambo ya kibaraza cha jikoni. Humo alikuwa ameweka mavyuma yake tangu ujana: vipande vya bomba, koki, saa za presha, pete za mpira zilizopangwa kwenye misumari kwa ukubwa. Alipostaafu, chumba kikawa ofisi. Asubuhi alikunywa chai, akavaa lile shati, akamwambia mkewe, "Mama, naenda kazini," akatembea hatua kumi na moja, akafunga mlango. Saa saba alirudi kula. Saa nane alirudi "kazini" tena. Mkewe aliniambia siku moja alichelewa kuamka, akamsikia anakimbia kwenye kibaraza.

Shida ilikuwa moja. Chumba kile mkewe alishaahidiwa. Miaka yote alishonea sebuleni, cherehani katikati ya kochi na televisheni, vitambaa juu ya viti, pini kwenye zulia. Wageni walikuwa wanakaa kwa tahadhari kama wanaokalia mayai. Mume alikuwa amesema, tena mbele ya mashahidi: "Nikistaafu, mavyuma yanatoka, chumba chako." Sasa alikuwa amestaafu, na badala ya mavyuma kutoka, kreti imeingia.

Mimi niliendelea kwenda pale. Sitajifanya nilikwenda kwa upendo. Nilikuwa nimesalia na robo tatu ya katoni, na sasa nilijua ni ya nini, nikawa nataka mtu wa kuniambia kipi kinafanya kazi ili nikipandishe bei.

"Vyote vinafanya kazi kidogo," alinijibu Mzee Presha, amevipanga mezani kama meno yaliyong'olewa. "Huu mdomo unaingiza hewa, lakini mvinyo unapita mbio, haupati muda. Hii fimbo unaigandisha kwenye barafu halafu unaichomeka kwenye chupa, inapoza shingo tu, tumbo linabaki moto. Tajiri, hawa waliotengeneza hawajawahi kuendesha mtambo. Mimi nitatengeneza mmoja tu unaofanya yote."

Chupa ya pili aliitia hewa kwa pampu ya baiskeli. Doa lipo darini hadi leo, lina umbo la mbuzi. Ya tatu aliipitisha kwenye chujio la mchanga na mkaa uliosagwa, lile la mtambo wa maji, dogo lake. Siku hiyo nilikuwepo. Tulisimama watu watatu tukitazama chini ya bomba, na kitu kilichodondoka kwenye glasi kilikuwa cheupe, kisafi, hakina rangi ya kusimulia wala harufu.

Mkewe akaonja. Akaweka glasi chini taratibu.

"Baba, tumesikia habari za maji kugeuzwa divai. Wewe umerudisha."

"Lakini ukali umeisha," akasema yeye.

"Na mvinyo umeisha."

Ya nne aliizungusha kwenye mashine ya juisi ambayo mteja wangu alikuwa ameileta dukani itengenezwe. Ikatoka na povu la waridi, si mbaya sana, ila yule mteja alirudi kuniuliza kwa nini juisi ya wanawe ina harufu ya harusi. Ya tano alitaka kuitia shabu, ile tunayotupia kwenye pipa tope litulie, mkewe akamshika mkono, chupa ikamwagika. "Hiyo nyingine utakunywa peke yako, na bima yako ya kazini imeshaisha." Ya sita ilivunjika yenyewe kwa huzuni, nadhani. Ya saba na ya nane zilikwenda kwenye mambo ya joto na baridi ambayo sikuyaelewa.

Kwenye ya tisa, mashine ikazaliwa.

Niliitwa kwa simu. Nilimkuta amesimama kando yake kama baba wodini. Chini kulikuwa na miguu ya chuma ya cherehani ya zamani ya mkewe, ile ya kukanyaga. Juu yake gudulia la kioo lenye bomba, nililompa mimi kama malipo ya kutengenezewa friji. Kutoka ndani yake ulipanda mpira mwembamba hadi kwenye pampu ya hewa ya tangi la samaki, na ubavuni palikaa saa ya presha kubwa kama sahani, ya shaba, imesuguliwa hadi unajiona meno.

"Hiyo saa inapima nini?" niliuliza.

"Haipimi kitu. Lakini mtambo usio na saa nani atauamini?"

Hapo nikamheshimu. Huyu mtu angeweza kuwa mfanyabiashara.

Akamimina mvinyo kwenye gudulia, akawasha. Pampu ikaanza kukoroma, viputo vikapanda kama sufuria ya uji. Dakika ishirini. Akafungua bomba, akanipa. Na nikiri: ukali ulikuwa umelegea. Ulimi wangu haukukimbia. Kulikuwa na harufu kidogo ya mpira, lakini hata gari jipya lina harufu.

"Kaka," nikasema, "tengeneza ishirini."

"Ishirini!"

"Mimi natoa magudulia na pampu, wewe mikono. Kuna nyumba za kulala wageni, kuna watu wa kualikana Jumapili, kuna mabwana harusi. Tukiuza tunagawana sawa." Nilipanga kumwambia baadaye kwamba sawa ni baada ya kutoa gharama zangu. Siku ya pili yake nikaagiza pampu ishirini za samaki kabla bei haijapanda. Pupa ni ugonjwa wa kazi yetu.

Lakini wiki hiyohiyo mkewe naye alipata lake. Mwenye nyumba moja mpya ya wageni, vyumba arobaini, alitaka mapazia na mashuka yashonwe na fundi mmoja. Alipenda mkono wake. Ila alisema Jumatatu atakuja kuona kiwanda kabla ya kumkabidhi kitambaa. Alitamka hivyo, kiwanda. Na kiwanda chenyewe kilikuwa kati ya kochi na televisheni.

Nilikuwepo alipomwambia mumewe. Hakupandisha sauti. Alikuwa anachomoa uzi kwenye suruali, jino limeuma sindano.

"Baba, Jumatatu mtu anakuja. Nataka chumba changu."

"Mama, mtambo ndiyo kwanza umetulia. Ukiuhamisha unaharibu mizani yake."

"Mizani gani ya pampu ya samaki?"

"Muulize tajiri. Tunatengeneza ishirini."

Mkewe akanigeukia. Macho ya fundi wa nguo yanajua kiuno chako hata ukivuta pumzi. "Wifi, na wewe?"

"Mimi nasikiliza tu," nikasema. Sikupata kusema uongo mkubwa zaidi, hata wa kuku.

Akachomoa ile sindano mdomoni. "Sawa. Mimi sikatai kazi ya mtu. Zimebaki chupa ngapi?"

"Mbili." Ya kumi ilikuwa imeishia kwetu sisi wawili, katika majaribio.

"Jumamosi mchana tutaonjesha watu. Mimi nitamimina nyuma ya pazia, hakuna atakayejua glasi ipi ni ipi. Wakichagua ya mashine yako, chumba chako, na mimi nitamwambia yule bwana sina nafasi, atafute fundi mwingine. Wasipochagua, Jumamosi hiyohiyo jioni mavyuma yanatoka. Yote. Hata pete za misumarini."

Mzee Presha alinyoosha mkono wakapeana kama mawakili. Hakusita. Nilimtazama usoni nikaona huyu mtu haogopi kupoteza mashine. Anaogopa Jumapili asubuhi, amevaa shati lake, hana pa kwenda.

Jumamosi tukakaa sebuleni waonjaji wanne. Kulikuwa na mimi. Mdogo wake mkewe, muuguzi, mwenye mdomo usio na breki. Kinyozi wa nyumba ya pili, aliyeletwa kwa kuwa ni jirani na hana upande. Na Mzee Presha mwenyewe, aliyekataa katakata kuachwa nje.

"Shemeji, wewe ni mshitakiwa," alisema muuguzi. "Umeona wapi mshitakiwa akawa hakimu?"

"Mimi ndiye ninayejua ladha ya mtambo wangu. Nikikosea mimi, nani atapatia?"

"Haya, basi presha ikikupanda usitusumbue, leo sijaja na mashine ya kuipima."

Mkewe alikuwa ametundika shuka kwenye mlango wa jikoni. Mtambo ulihamishiwa huko na mwenyewe, akaukoromesha dakika ishirini zake, akatoka, mlango ukafungwa. Tukasikia mimimino, tena mimimino, tena mimimino mirefu. Kinyozi akauliza kama kuna mtu anaosha vyombo.

Akatoka na sinia. Kila mtu glasi tatu, na kwenye shina la kila glasi amefunga uzi: mwekundu, mweupe, buluu.

"Mbona tatu?" Mzee Presha akauliza. "Ilikuwa chupa na mtambo."

"Onjeni," akasema mkewe, akakaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani.

Tukaonja. Uzi mwekundu hakuna aliyehitaji kuuliza. Kinyozi alifumba jicho moja kama aliyemwagikiwa sabuni. Huo ulikuwa mvinyo wa moja kwa moja kutoka chupani. Uzi mweupe nilipouinua tu, pua yangu ikapata ule mpira. Nikajua. Nami hapa lazima niseme ukweli, kwa kuwa wahusika wote wanaujua: nilipiga kura kwa mpira. Nilikuwa na pampu ishirini za samaki njiani.

"Mweupe," nikasema, nikibusu vidole. "Mweupe ni wa kifalme."

"Wifi anatafuta nini huko?" muuguzi akanong'ona kwa sauti ya kusikika barabarani. "Mweupe unanuka kandambili. Mimi ni buluu."

"Buluu," akasema kinyozi. "Huu mtu anaweza kunywa na bado akanyoa."

Ikawa zamu ya Mzee Presha. Aliinua mwekundu, akauweka. Akaonja mweupe, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akashika buluu. Akanusa, akanywa, akafumba macho, na uso wake ukafunguka kama koki iliyokwama miaka.

"Huu!" akasema, amesimama. "Onjeni huu! Mnaona jinsi hewa ilivyoingia kila mahali? Mnaona ukali ulivyolala? Hii ndiyo kazi ya mtambo. Huo mweupe mama ameutia kwenye vile vidude vya dukani kwa tajiri, nimeujua mara moja, samahani tajiri, una harufu ya plastiki. Lakini huu wa buluu, huu ni mkono wangu. Miaka thelathini na moja, jamani, si bure!"

Akaketi, akafuta jasho. Hakuna aliyecheka bado, kwa kuwa mkewe alikuwa ameshanyanyuka na kuingia jikoni. Alirudi ameshika majagi mawili ya plastiki, yale ya kunawishia wageni, la kijani na la njano. Ndani ya la kijani mlikuwa na kisalio cha mvinyo. Akakinyanyua juu usawa wa kichwa, akakimimina kwenye la njano, uzi mrefu mwembamba, tone lisianguke nje. Akageuza. Akamimina tena. Ndivyo kila mama anavyompozea mtoto chai.

"Mara kumi na tano," akasema. "Mweupe ndiyo mashine yako, baba."

Hapo ndipo muuguzi alipoanguka kwenye kochi. Kinyozi alitoka nje akidai amesahau mteja, tukamsikia anacheka hadi kwake. Mimi nilitazama sakafuni, nikihesabu pini.

Lakini mimi ni mtu wa makubaliano, na nikaona pa kupenya. "Wifi, ngoja kidogo," nikasema. "Mlipatana mashine na chupa. Majagi hayakuwamo kwenye mapatano. Na mashine imeishinda chupa, hilo hata kinyozi hakatai. Kwa haki, chumba ni cha kaka."

Mkewe akayashusha majagi. Alijua nina hoja, na alijua najua. Muuguzi aliacha kucheka akakaa sawa. Ulikuwa mlango wazi kabisa; Mzee Presha angetakiwa kuingia tu na kufunga.

Yeye wala hakunisikia. Alikuwa ameyachukua majagi. Akamimina kutoka la njano kwenda la kijani, polepole, akiutazama ule uzi wa mvinyo unavyoanguka. Akamimina tena.

"Ngazi," akasema.

"Ngazi gani, baba?"

"Pale mtamboni, mama. Maji yakitoka kisimani yananuka kutu. Tunayapandisha juu, yanashuka kwenye ngazi za zege, kidato kwa kidato, yanaanguka tu. Hakuna pampu ya hewa. Hakuna chochote. Yakifika chini, harufu hakuna." Akaweka majagi mezani. "Nimepanda pembeni ya ngazi zile kila asubuhi miaka thelathini na moja. Nilikuwa nazisugua ukoga. Halafu nakuja nyumbani nafunga pampu ya samaki."

Muuguzi alifungua mdomo, dada yake akamtazama, akaufunga.

"Kaka, mapatano..." nikajaribu tena.

"Tajiri, acha. Mtambo wenye kuunguruma umeshindwa na usiounguruma. Fundi hawezi kukaa kwenye chumba kwa ushindi wa maneno." Akasimama, akanyoosha shati. "Mama, nipe maboksi."

Hadi jioni chumba kilikuwa kitupu. Alitoa hata zile pete, moja moja, akazifunga kwa kamba kwa ukubwa wake. Miguu ya cherehani ilirudi kwa mwenyewe. Jumatatu yule bwana wa nyumba ya wageni akakuta chumba kimefagiliwa, cherehani mbili zimekaa, ya tatu ya kuazima, na vitambaa vimepangwa kwenye misumari iliyokuwa ya pete. Hakukaa hata robo saa. Alisema tu, "Hapa panafaa," akaacha marobota kumi. Mkewe sasa ana wasaidizi wawili, na sebuleni kwao mtu anakaa bila kujikagua akisimama.

Jumanne asubuhi mapema akaja dukani kwangu, mkewe, si mume. Alikuwa na tepu ya kupimia shingoni.

"Wifi, mwanamume yule ameamka, amekunywa chai, amevaa shati, amesimama kibarazani. Jana hivyo, leo hivyo. Wewe ndiye uliyemzoesha vidude. Mchukue."

"Nimchukue nimweke wapi?"

"Una kona pale nyuma ya pasi. Anatosha. Nimeipima kwa macho."

Tulibishana, kwa kuwa kutobishana ni kukosa adabu. Yeye alitaka meza, taa yake mwenyewe na chai mara mbili. Mimi nilitaka kila atakachofufua kiwe changu. Tukakutana hapa: kila vitu vitatu anavyotengeneza, kimoja ni chake auze au apeleke nyumbani, na chai ni mara moja, ya pili ajitegemee. Alipoondoka nilikuta amenibadilishia pazia la mlango. Akaniambia ni zawadi. Wiki iliyofuata akaniletea bei yake.

Basi Mzee Presha anakuja kila siku saa mbili kamili. Nimepata fundi ambaye hakuna duka lingine mjini lenye mfano wake. Vitu nilivyokuwa nanunua mnadani kwa kilo, kama vyuma chakavu, sasa vinatoka vinanguruma. Nimepoteza ile kona, na pampu ishirini za samaki, ambazo nimeuza tatu, kwa watu wenye samaki. Mashine yenyewe aliivunja kwa mikono yake akapata humo vipuri vya birika nne. Ile saa ya shaba niliiomba, akakataa, kisha akaiuza kwa mkahawa mmoja wakaitundika ukutani. Ilikuwa katika ile moja ya tatu yake, sina la kusema.

Katoni ya vidude vya mvinyo ndiyo iliyokufa kabisa. Majuzi aliingia kijana wa kiofisi na mchumba wake, wamevaa vizuri, wakasimama kwenye midomo ya plastiki. Nikawapa maelezo yote, hewa, ukali, muda, nimeshajifunza. Mchumba alikuwa ameshafungua mkoba. Kutoka nyuma ya pasi ikatoka sauti ya upole:

"Samahani, binti. Nyumbani mna majagi mawili?"

"Tunayo, mzee."

"Basi rudisha pesa yako mfukoni. Mimina kutoka juu, mara kumi na tano."

Wakashukuru, wakamuuliza kama na friji anatengeneza, wakaondoka. Mzee Presha akarudi kwenye birika yake. Nilimwambia atanifilisi, akaniambia kesho yake wataniletea friji yao aitengeneze, kwa kuwa sasa wanatuamini. Na waliileta, friji kubwa yenye milango miwili, na nilipata faida ambayo midomo mia ya plastiki isingeniletea. Lakini ndani ya duka langu mwenyewe siwezi tena kumwambia mteja jambo nisilolijua, na tangu nianze biashara hii sijawahi kununua kitu ghali kama kuaminiwa huku.